Usahihi si Umegaji: Enkoda ya Sevo na Funzo Lake kwa Waundaji wa Istilahi

Utangulizi

Methali isemayo kwamba haba na haba hujaza kibaba imetumiwa mno kuhimiza subira na uwekaji akiba, hata tukasahau kwamba kibaba chenyewe ni kipimo, na kwamba kipimo chaweza kuwa cha haki au cha dhuluma. Katika vipimo vya jadi vya pwani, pishi moja ni visaga viwili, au vibaba vinne. Tuseme mfanyabiashara fulani ana pishi iliyopunguzwa kimo kwa siri. Anaweza kuigawa pishi hiyo katika vibaba vinne, kisha akakigawa kila kibaba katika nusu na robo, akapata vikombe vidogo vya kumpimia mteja hadi punje ya mwisho. Mteja atastaajabia uangalifu huo. Hata hivyo, ataondoka amepunjwa, maadamu kukigawa kipimo cha uongo katika sehemu nyingi hakukigeuzi kuwa cha kweli.

Makala haya yananuia kuijadili tofauti hiyo baina ya wingi wa vigawanyo na ukweli wa kipimo kupitia kifaa ambacho ni nadra kutajwa katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili, nacho ni enkoda ya mota ya sevo. Huenda msomaji akauliza: je, sisi wana wa fasihi na isimu tuna lipi na mota? Jibu ni kwamba tumejitwika jukumu la kuiundia lugha hii istilahi za kila taaluma, na asiyekifahamu kitu hawezi kukipa jina linalokifaa. Hoja yangu ni kwamba neno usahihi limebebeshwa mzigo wa dhana tatu ambazo wahandisi huzitenganisha. Madhali mzigo huo haujagawanywa na watu walioielewa kazi ya kifaa chenyewe, Kiswahili hakitaweza kufundisha ufundi huu bila kumpotosha mwanagenzi.

Enkoda na kazi yake

Mota ya feni huzunguka tu mradi umeme upo. Haijali imesimama wapi. Mota ya sevo hutakiwa kugeuka kwa pembe maalumu, kwa kasi maalumu, kisha isimame pale ilipoamriwa. Mota za aina hii zimo katika mashine za kukereza na kuchonga chuma zinazoongozwa na kompyuta, katika mikono ya roboti za viwandani, na katika mashine za kufungasha bidhaa na kubandika lebo kwenye chupa.

Mfumo wa sevo una washirika watatu. Kuna mota inayofanya kazi ya nguvu. Kuna kiendeshi, yaani kifaa cha kielektroniki kinachoipimia mota umeme wake. Na kuna enkoda, ambayo hufungwa kwenye shafti ya mota ili itoe habari za mahali shafti ilipo. Kiendeshi hulinganisha mahali palipoamriwa na mahali palipotajwa na enkoda. Pakiwa na tofauti, huongeza au hupunguza umeme hadi tofauti hiyo itoweke. Mwanafunzi aliyesoma nadharia ya mawasiliano atatambua hapa dhana ya mrejesho. Atatambua pia asili ya jina la kifaa hiki, kwani enkoda husimba pembe, yaani huigeuza kuwa msimbo wa namba ambao kiendeshi huusimbua.

Aina inayopatikana kwa wingi hutumia mwanga. Kisahani cha kioo, chuma au plastiki huchorwa mistari myembamba iliyopangwa kwa nafasi sawa kandokando ya duara. Upande mmoja wa kisahani huwekwa taa ndogo, na upande wa pili huwekwa vihisio vya mwanga. Kisahani kinapozunguka, mistari huukata mwanga, na vihisio hutoa mawimbi ya umeme yanayoweza kuhesabiwa. Vihisio hupangwa viwiliviwili, kimoja kikiwa nyuma ya mwenzake kwa robo ya wimbi, ili mfumo utambue shafti inazunguka kuelekea upande gani. Mpango huo una faida nyingine: kila mstari mmoja hutoa hesabu nne. Kisahani chenye mistari 2,500 hutoa hesabu 10,000 kwa kila mzunguko.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kiendeshi hakina shahidi mwingine. Enkoda ikisema kweli, kiendeshi hutenda kweli. Enkoda ikisema uongo, kiendeshi huutii uongo huo kwa uaminifu mkubwa.

Umegaji ni nini?

Swali la kwanza ambalo mnunuzi huuliza kuhusu enkoda ni hili: inaumega mzunguko mmoja katika vipande vingapi? Sifa hiyo nitaiita umegaji, na kila kipande nitakiita mmego, kutokana na kitenzi kumega ambacho kila alaye ugali anakifahamu. Umegaji unapokuwa mkubwa, mmego mmoja huwa mdogo.

Duara lina nyuzi 360. Kila uzi una dakika 60 za pembe, na kila dakika ina sekunde 60 za pembe; hivyo mzunguko mzima una sekunde 1,296,000 za pembe. Enkoda yenye hesabu 10,000 ina mimego ya sekunde 129.6 kila mmoja. Enkoda za kisasa hutaja umegaji wake kwa biti. Ile ya biti 17 huumega mzunguko katika vipande 131,072, na mmego wake ni takribani sekunde 9.9. Ile ya biti 20 ina vipande 1,048,576, na mmego wake ni sekunde 1.24 hivi. Ile ya biti 23 ina vipande 8,388,608, na mmego wake haufikii hata sehemu moja ya tano ya sekunde moja ya pembe.

Namba hizi ni za kweli na zinapendeza. Ndizo zinazoandikwa kwa herufi kubwa katika matangazo ya biashara, na ndizo zinazomshawishi mnunuzi kuamini kwamba enkoda ya biti 23 ni sahihi mara nane kuliko ile ya biti 20. Imani hiyo haina msingi. Biti zinatueleza ni vipande vingapi vimemegwa. Hazituelezi iwapo kila kipande kimekaa mahali pake.

Usahihi ni nini?

Usahihi wa enkoda ni kiasi ambacho pembe inayotajwa na enkoda hukaribiana na pembe halisi ya shafti. Enkoda ikitangaza kwamba shafti imefika nyuzi 90, ilhali kwa hakika imepungukiwa na sekunde 50 za pembe, basi kosa lake hapo ni sekunde 50, hata kama inaweza kuandika jibu lake kwa tarakimu saba.

Kosa hilo hutoka wapi? Chanzo mashuhuri ni kisahani kutokaa katikati kabisa ya shafti. Tuseme duara la mistari lina kipenyo cha milimita 40, na kitovu chake kimekwenda kando ya kitovu cha mzunguko kwa milimita 0.005 tu. Unene wa unywele wa binadamu ni mara kumi ya hapo au zaidi. Lakini ukigawa milimita hizo 0.005 kwa nusu ya kipenyo, kisha ukageuza jibu kuwa sekunde za pembe, utapata takribani sekunde 52. Maana yake ni kwamba katika kila mzunguko enkoda itatangulia ukweli kwa sekunde 52 upande mmoja, na itabaki nyuma yake kwa sekunde 52 upande wa pili.

Sasa na tulinganishe. Kwa enkoda ya biti 20, kosa hilo ni sawa na mimego 42 hivi. Fundi akiamua kuiondoa na kuweka ya biti 23 iliyofungwa kwa upungufu uleule, kosa litakuwa sawa na mimego zaidi ya 330. Kosa lenyewe halikupungua hata chembe. Kilichoongezeka ni idadi ya tarakimu za kulisimulia.

Vyanzo vingine vipo. Mistari yenyewe huenda haikuchorwa kwa nafasi zilizo sawa kabisa. Beringi hutetereka. Isitoshe, umegaji mkubwa aghalabu haupatikani kwa kuchora mistari mingi zaidi. Hupatikana kwa kulichukua wimbi la umeme linalotoka katika mstari mmoja na kulikatakata kielektroniki. Wimbi hilo likiwa na dosari ya umbo, vipande vinavyokatwa humo hurithi dosari hiyo. Aidha, kelele za umeme huzitikisa tarakimu za mwisho kiasi kwamba shafti iliyotulia huonekana kana kwamba inatetemeka. Hapo mimego ya mwisho ipo kwa jina tu.

Kutoka shafti hadi kwenye kazi

Hata enkoda ambayo haikosei hutoa ushahidi wa shafti pekee. Fundi anayekata chuma hahitaji kujua shafti iko wapi. Anahitaji kujua ncha ya kifaa cha kukatia iko wapi. Baina ya viwili hivyo kuna safari ndefu.

Katika mashine nyingi za kuchonga chuma, mota huzungusha skrubu ya gololi, na skrubu husukuma meza iliyoshika kazi. Tuchukue skrubu ambayo kila inapozunguka mara moja husogeza meza milimita 10. Kwa enkoda ya biti 20, mmego mmoja ni sawa na mwendo wa nanomita 9.5 hivi. Anayesoma hesabu hiyo atadhani mashine yake inaweza kukata kwa uangalifu wa nanomita.

Lakini skrubu ya daraja linaloitwa C7, ambalo hutumiwa sana katika kazi za kawaida, huruhusiwa kukosea takribani milimita 0.05 kwa kila milimita 300 za urefu wake. Hiyo ni zaidi ya mimego 5,000. Pia kuna joto. Chuma cha pua hutanuka kwa karibu mikromita 11 au 12 kwa kila mita moja kinapopata joto la digrii moja ya Selsiasi. Skrubu ya mita moja iliyoshikwa upande mmoja, ikipata joto la digrii 10 kutokana na kazi ya asubuhi, hurefuka kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Urefu huo ni sawa na takribani mimego 12,000. Enkoda iliyo nyuma ya mota haitaona hata mmego mmoja kati ya hiyo, kwa kuwa shafti iko palepale ilipoamriwa. Kiendeshi kitaripoti kwamba kila kitu ni shwari, na kipande cha chuma kitatupwa kwa kuwa hakikutimiza kipimo.

Tiba ya tatizo hilo haipatikani kwa kununua biti zaidi. Hupatikana kwa kufunga kipimio kilichonyooka kwenye meza yenyewe, ili mrejesho utoke mahali kazi inapofanyika. Au kwa kuyapima makosa ya mashine kwa chombo cha leza na kuyaandika katika kompyuta yake ili yarekebishwe kila mara. Au kwa kutumia skrubu ya daraja la juu na kudhibiti joto. Asiyejua tofauti ya usahihi na umegaji hataielewa tiba hii, na fedha zake atazitumia pasipostahili.

Umegaji nao una heshima yake

Isije ikadhaniwa kwamba umegaji ni porojo za wauzaji. Una kazi yake, na kazi hiyo ni kubwa hasa katika udhibiti wa kasi. Enkoda haipimi kasi moja kwa moja. Kiendeshi huikokotoa kwa kuhesabu mimego iliyopita katika muda mfupi.

Tuchukulie hesabu nyepesi ya kiendeshi kinachochunguza enkoda mara moja katika kila sehemu ya elfu ya sekunde, na mota inayozunguka polepole, mzunguko mmoja kwa dakika. Enkoda yenye hesabu 10,000 hutoa mmego mmoja katika kila sehemu sita za elfu za sekunde. Kwa hiyo kiendeshi kitasoma kasi ya sifuri mara tano mfululizo, kisha mara ya sita kitasoma kasi ya mizunguko 6 kwa dakika. Mota haikusimama wala haikukurupuka, lakini kiendeshi kitadhani hivyo, na kwa kujaribu kusahihisha jambo ambalo halikutokea kitaifanya mota ingurume na kutikisika. Enkoda ya biti 20 katika hali hiyohiyo hutoa mimego 17 au 18 katika kila uchunguzi. Kasi inayosomwa hubaki baina ya mizunguko 0.97 na 1.03 kwa dakika, na mota huteleza kwa ulaini.

Ni dhahiri basi kwamba umegaji humpa fundi mwendo laini, nao usahihi humpa mahali pa kweli. Mashine ya kung'arisha kioo huhitaji sana ulaini. Mashine ya kutoboa matundu yatakayooana na misumari ya kifaa kingine huhitaji sana usahihi. Anayehitaji vyote viwili hana budi kulipia vyote viwili, na kuuliza maswali mawili tofauti dukani.

Uthabiti, sifa ya tatu

Ipo sifa ya tatu inayozidi kuwachanganya watu, nayo ni uwezo wa kurudi palepale. Nitaiita uthabiti. Enkoda yaweza kukosea sekunde 52 kila inapofika nyuzi 90, lakini ikakosea sekunde hizohizo leo, kesho na mtondogoo. Enkoda hiyo si sahihi, ila ni thabiti. Mkono wa roboti unaookota chupa mahali pamoja siku nzima waweza kuridhika na uthabiti pekee, maana fundi alikwisha kuuonyesha mahali pa chupa na kazi yake ni kuparudia. Zaidi ya hayo, kosa thabiti laweza kupimwa na kusahihishwa. Kosa linalobadilikabadilika halina dawa hiyo.

Saa ya ukutani itatusaidia kuzitofautisha sifa hizi. Saa yenye mshale wa sekunde ina umegaji mkubwa kuliko saa yenye mishale miwili tu. Ikiwa hukaa nyuma kwa dakika tano kila siku ya Mungu, basi ni thabiti, na mwenyewe huongeza dakika tano kichwani na kufika kazini kwa wakati. Saa ya mishale miwili inayokwenda sawa na redio ndiyo sahihi, ingawa haiwezi kukutajia sekunde.

Kioo cha Hubble

Ushahidi mzito kwamba kuchanganya sifa hizi huleta hasara hautoki katika kiwanda cha mota; unatoka katika elimu ya nyota. Darubini ya anga ya Hubble ilirushwa Aprili 1990 ikiwa na kioo kikuu chenye kipenyo cha mita 2.4. Picha zake za mwanzo zilikuwa na ukungu. Uchunguzi ulibaini kwamba kioo kilikuwa kimesuguliwa kwa ulaini wa hali ya juu, ila kwa umbo lisilostahili. Ukingo wake ulikuwa umelala kupita kiasi kwa takribani mikromita 2.2. Chombo nyeti cha kukipimia kiliundwa huku lenzi yake moja ikiwa imekaa milimita 1.3 mbali na mahali pake. Wasuguaji walikitii chombo hicho kwa uaminifu, kama kiendeshi kinavyoitii enkoda yake.

Linalostahili kutufikirisha zaidi ni kwamba vyombo vingine viwili vilikuwa vimeonyesha dalili za kosa hilo wakati kioo kingali kiwandani. Ushahidi wake ulipuuzwa kwa sababu vilihesabiwa kuwa duni kuliko kile chombo nyeti. Chombo chenye vipimo vyembamba kiliaminiwa kikiwa kimekosea; vyombo vya chini yake vilikataliwa vikiwa vinasema kweli. Desemba 1993 wanaanga walitumwa kuifungia darubini vifaa vya kurekebisha mwanga, na picha zikatakata. Gharama ya somo hilo ilikuwa kubwa kuliko ya mota yoyote.

Istilahi zetu zinasemaje?

Turudi sasa katika uwanja wetu. Anayetaka kueleza mambo haya kwa Kiswahili hukutana na vikwazo viwili. Kikwazo cha kwanza ni tafsiri ya pupa. Neno la Kiingereza linalotumiwa kwa sifa niliyoiita umegaji ndilo hilohilo tunalolitafsiri kuwa azimio tunapotaja azimio la mkutano. Mtafsiri asiyejua enkoda ni nini, au kompyuta inayotafsiri bila kusoma muktadha, yaweza kutuletea “azimio la enkoda”, kana kwamba kifaa hicho kiliitisha mkutano na kupiga kura. Kosa hili huchekesha, na kwa sababu huchekesha, hugunduliwa upesi.

Kikwazo cha pili ni hatari zaidi kwa kuwa hakichekeshi. Ni ile desturi ya kuitumia usahihi kwa sifa zote tatu. Mtu akisema kwamba enkoda fulani ina usahihi wa biti 23, sentensi yake ni sanifu kisarufi, upatanisho wa ngeli umezingatiwa, na hakuna mwalimu wa lugha atakayeitia wekundu. Kumbe sentensi hiyo imepotoka kimaana. Imesema kweli kuhusu vigawanyo, na imedokeza uongo kuhusu ukweli wa kipimo. Mwanagenzi atakayeisoma atakwenda dukani na swali moja badala ya mawili.

Wanafunzi wa istilahi wanavifahamu vigezo vya PEGITOSCA vilivyopendekezwa na Kiingi. Kigezo kinachotangulizwa humo kinahusu ubainifu: istilahi itaje dhana yake pasi na kuivuruga na nyingine. Aghalabu sisi huvutiwa zaidi na kigezo cha uangavu, au cha iktisadi, au cha kukubalika. Neno usahihi linang'aa, ni fupi na linakubalika. Upungufu wake ni huohuo mmoja wa ubainifu, na katika karakana upungufu huo ndio unaomfanya mtu atupe chuma.

Sipendekezi umegaji, usahihi na uthabiti kwa kuwa ni maneno matakatifu. Mwingine ataona kwamba umegaji unanuka ugali mno, au kwamba uthabiti una kazi nyingine katika falsafa na siasa. Na ayalete yaliyo bora. Ninachosisitiza ni kwamba maneno matatu yanahitajika, na kwamba yapimwe pamoja, kwa kuwa dhana hizi hueleweka kwa kutofautishwa. Mtihani wake ni mwepesi: tunga sentensi isemayo kwamba enkoda fulani ina umegaji mkubwa na uthabiti mzuri, lakini usahihi wake ni duni. Istilahi zinazoiwezesha sentensi hiyo kueleweka zimefaulu. Zinazoifanya ionekane kujipinga zimeanguka.

Watakuwepo wanaosema kwamba mafundi wetu hutumia Kiingereza, hivyo juhudi hizi ni za kupamba kamusi. Hoja hii haitazami karakana ilivyo. Kitabu cha mashine huandikwa kwa Kiingereza, lakini fundi mkuu anapomweleza msaidizi wake kwa nini kazi imeharibika, mara nyingi hutumia Kiswahili. Majina ya vyuma huyakopa; maelezo ya sababu huyatunga mwenyewe. Katika maelezo hayo ya sababu ndimo usahihi unapochanganywa na umegaji, na ndimo lugha inapotakiwa kuwa na maneno ya kutosha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Urasmi usiofika penye grisi na vumbi la chuma ni nusu ya urasmi.

Hitimisho

Watangulizi wetu hawakulala. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo mwaka 2009 iliunganishwa katika TATAKI, ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kazi za namna hiyo zilihitaji wanasayansi na wanalugha kuketi meza moja. Desturi hiyo ndiyo ya kuendelezwa. Mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu istilahi za ufundi na aombe nafasi katika karakana ya uhandisi ya chuo chake, aione enkoda ikifunguliwa, akihesabu kisahani, skrubu na gololi kwa macho yake. Msimamizi wake naye na adai kwamba kila istilahi iliyoundwa iambatane na maelezo ya namna kitu kinavyofanya kazi, yaliyosomwa na kukubaliwa na fundi anayekitumia.

Tumezoea kuyapima maendeleo ya istilahi kwa idadi: orodha hii ina vidahizo elfu moja, ile ina elfu tano. Idadi ina manufaa yake, kama umegaji ulivyo na manufaa yake. Lakini orodha ya vidahizo elfu tano iliyosimikwa nje ya kitovu itakosea kila inapozunguka, na vidahizo vingine elfu tano havitaisogeza kuelekea katikati. Kabla ya kuviongeza, na tuulize kwanza kama pishi yetu ni ya haki.